Mfundishe Kwanza, Kisha Mdai Hesabu

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wajumbe wa bodi, wafanyakazi na wanachama wa chama cha ushirika cha msingi katika kijiji kimoja kinacholima pamba. Tumeyaandika hapa ili wasomaji wa vijiji vingine nao wayasome na kuyajadili katika vikundi vyao.)



Leo hatukuja kuwafundisha kusoma. Kusoma mnajua. Tumekuja tuzungumze juu ya jambo moja tu: namna ya kupanga mafunzo ya wafanyakazi pale pale mahali pao pa kazi.

Huenda mzee mmoja anajiuliza moyoni, "Wafanyakazi? Si wale wa viwandani huko mjini? Sisi ni wakulima." Hapana, mzee wetu. Hapa kijijini mmeajiri. Chama chenu kina karani wa mizani. Kina mtunza ghala na mlinzi. Kuna mama anayeendesha mashine ya kusaga. Kuna vibarua wa kupakia magunia. Hao wote ni wafanyakazi, na ninyi ndio waajiri wao. Mwajiri ana haki ya kudai kazi nzuri. Lakini pia ana wajibu wa kumfundisha mfanyakazi kazi hiyo.

Kisa cha karani wa mizani

Tuanze na kisa. Chama chenyewe hatutakitaja, kwa sababu hatukuja kumwaibisha mtu.

Chama hicho kilimwajiri kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne. Alikuwa kijana mwenye adabu, mwandiko mzuri, na hesabu anazijua. Siku ya kufungua msimu alikabidhiwa ufunguo, mizani na kitabu cha stakabadhi. Katibu akamwambia, "Haya kijana, kazi ndiyo hiyo." Basi. Mafunzo yake yalikuwa maneno hayo matano.

Msimu ulipokwisha, pamba iliyopimwa kiwandani ilikuwa pungufu kuliko ile iliyoandikwa katika vitabu vyake. Upungufu ulizidi kilo mia nne. Bodi ikakaa, ikamwita mwizi. Mshahara wake wa mwisho ukazuiwa, naye akafukuzwa. Baba yake, mzee mwenye heshima zake, aliuza ng'ombe mmoja ili kulipa deni lililobaki.

Msimu uliofuata chama kikaajiri karani mwingine. Huyu alikuwa mama mtu mzima, mwaminifu, hana doa. Msimu ulipokaribia kwisha, hesabu za kiwandani zikaanza kurudi. Upungufu uleule! Je, wezi walikuwa wawili? Hapo ndipo Mwenyekiti alipotuita.

Lakini kabla ya kuendelea, ni lazima tuseme kosa letu. Mwaka mmoja kabla ya kijana yule kuajiriwa, sisi wenyewe tuliendesha semina ya siku mbili katika kijiji hicho hicho. Tulizungumza juu ya umuhimu wa ushirika. Tulichora mizani ubaoni. Watu walipiga makofi, wakanywa soda, wakapokea posho, wakaenda zao. Mizani yenyewe ilikuwa imefungiwa ghalani, hatua hamsini tu kutoka tulipokaa. Hakuna aliyeigusa. Tukarudi ofisini tukaandika taarifa: "Mafunzo yamefanikiwa." Yalifanikiwa nini, jamani? Hatukumfundisha mtu hata mmoja kupima.

Basi mara hii hatukwenda na hotuba. Tulikaa ghalani siku mbili za mwisho za ununuzi, tukatazama kazi inavyofanyika. Tuliona mambo matatu.

La kwanza, pamba ilipimwa ikiwa ndani ya gunia, lakini uzito wa gunia haukutolewa. La pili, pamba iliyoletwa alfajiri ilikuwa na umande, nayo ilipokelewa hivyo hivyo. Ikikauka njiani na kiwandani, uzito hupungua. La tatu, kila asubuhi mizani ikitundikwa, mshale wake ulisimama mbele kidogo ya sifuri, na hakuna aliyeurudisha. Mizani haikuwa mbovu. Wakala wa Vipimo walikuwa wameikagua. Ilihitaji tu mtu ajue kuitazama kabla ya kuanza kazi.

Tukafanya hesabu ubaoni. Hebu nanyi ifanyeni. Tuseme gunia tupu lina kilo 1. Karani akipima magunia 300 bila kutoa uzito wa gunia, ameandika kilo 300 za pamba ambayo haipo. Tuseme bei ni shilingi 1,200 kwa kilo. 300 mara 1,200 ni shilingi 360,000. Chama kimenunua magunia kwa bei ya pamba! Na hakuna aliyeiba hata kilo moja.

Wajumbe waliitazama ile hesabu, wakanyamaza. Mmoja wao akasema polepole, "Kumbe yule kijana tulimwonea." Ndiyo, walimwonea. Na sisi tulisaidia kumwonea, kwa sababu tulipita pale na elimu mkononi tukaondoka nayo.

Hajui, hana, au hataki?

Kutokana na kisa hicho tumejifunza kuuliza swali moja kabla ya kupanga mafunzo yoyote. Kazi ikiharibika, uliza: huyu hajui, hana, au hataki?

Hajui, maana yake hakufundishwa. Dawa yake ni mafunzo.

Hana, maana yake anajua kazi lakini hana kifaa. Mtunza ghala anajua kabisa kwamba magunia yasigusane na sakafu wala ukuta, yasije yakapata unyevu. Lakini hakununuliwa mbao za kuyapanga juu yake. Mtu huyo hata mkimfundisha mwezi mzima, magunia yataendelea kukaa chini. Mnunulieni mbao.

Hataki, maana yake anajua na anavyo vifaa, ila moyo haupo. Hapo tafuteni sababu. Pengine hajalipwa miezi mitatu. Pengine kweli ni mvivu, au si mwaminifu. Mafunzo hayatibu mshahara usiolipwa, wala hayatibu wizi.

Ndugu zetu, pesa nyingi za mafunzo hupotea kwa sababu watu hawaulizi swali hili. Na watu wengi hufukuzwa bure kwa sababu hiyo hiyo. Hata sheria ya nchi yetu inalijua jambo hili. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinamtaka mwajiri anayeona kazi haifanywi vizuri achunguze sababu kwanza. Ampe mfanyakazi maelekezo au mafunzo, na muda wa kujirekebisha. Kufukuza si hatua ya kwanza.

Namna ya kupanga

Sasa tuje kwenye mpango wenyewe. Mpango wa mafunzo si kitabu kikubwa. Karatasi mbili za daftari zinatosha. Andikeni mambo haya matano.

Kwanza, andikeni kazi gani inaharibika, na inaharibika wapi. Msiandike "wafanyakazi hawana elimu." Hilo ni neno pana mno. Andikeni "uzito wa gunia hautolewi." Na msiandike mkiwa ofisini. Nendeni mkaone. Kisha muulizeni mfanyakazi mwenyewe, "Katika kazi yako, ni kitu gani kinakusumbua?" Anayevaa kiatu ndiye ajuaye kinambana wapi.

Pili, andikeni lengo. Lengo liwe jambo ambalo mfanyakazi ataweza kulifanya, na ninyi mtaweza kuliona kwa macho. "Karani aelewe mizani" si lengo. Kuelewa kuko kichwani, nani atakuona? Lengo letu tuliliandika hivi: "Baada ya mafunzo, karani ataweza kuweka mshale kwenye sifuri, kutambua pamba yenye unyevu, kutenga pamba safi na pamba fifi, kupima magunia 10 na kuandika stakabadhi 10 bila kosa hata moja." Hilo linaonekana. Akikosa mbili, mnajua bado.

Tatu, chambueni kazi yenyewe. Igaweni katika hatua ndogo ndogo, na kila hatua muipe sababu yake. Mkongwe wa kazi awepo hapo. Yeye anazo siri ambazo hazimo vitabuni. Katika kile chama, mzee mmoja mpakiaji ndiye aliyetuonyesha namna ya kujua pamba kavu. Alichukua mbegu moja, akaitia menoni. "Ikilia ka!, ni kavu," alisema. "Ikibonyea, ina maji. Rudisha ikaanikwe." Kisha akakamata pamba kiganjani, akaibana, akaiachia. Pamba kavu hufutuka tena. Yenye maji hubaki imeshikamana. Tuliyaandika hayo katika mpango, na mzee tukamfanya mwalimu.

Katika kuchambua kazi, wekeni alama penye hatari. Mama wa mashine ya kusaga, kwa mfano. Kabla hajafundishwa kupima debe, afundishwe kufunga khanga yake vizuri na kukaa mbali na mkanda. Ajue kuzima mashine kwanza, ndipo aguse kilichokwama. Mashine haina huruma. Mkono ukienda haurudi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mafunzo ya kujikinga. Kwa hiyo jambo hili si hisani.

Nne, pangeni nani atafundisha, wapi na lini. Mahali ni pale pale kazini, mbele ya mizani, si chini ya mwembe. Wakati ni kabla ya msimu. Ununuzi wa pamba huku kwetu hufunguliwa mwezi Mei. Basi mafunzo yawe Aprili. Na msimkalishe mtu kutwa nzima. Saa mbili asubuhi, siku nne, zinamtosha karani kuliko siku moja ndefu ya kusinzia.

Tano, andikeni gharama. Magunia ya kujaribia, kitabu cha stakabadhi, ujira wa mwalimu kama anatoka nje. Pesa hiyo iingizwe katika makisio ya chama na isomwe kwenye mkutano mkuu. Isipoandikwa, msimu utakuja, na mtasema "pesa hakuna." Linganisheni na zile shilingi 360,000 za magunia. Ipi ni ghali, elimu au ujinga?

Na pale ambapo kijiji hakina mjuzi, tafuteni nje. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha mafundi. Pia huwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunza ufundi kazini bila kupita chuoni. Kuna pia Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963. Lakini msimpeleke mtu mbali kujifunza jambo ambalo jirani yake analijua.

Namna ya kufundisha

Kufundisha kazi kwa kazi yenyewe si jambo geni kwetu. Mwaka 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa ulianza katika mikoa ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Vitabu vyake vilihusu kazi za watu: pamba, migomba, uvuvi, mifugo. Mtu alisoma neno "pamba" huku shamba lake likimngoja. Na mwaka 1973 Waziri Mkuu, Rashidi Kawawa, alitoa agizo juu ya elimu ya wafanyakazi, ili sehemu za kazi nazo ziwe mahali pa kujifunza. Wazee wengi waliopo hapa wanayakumbuka madarasa hayo.

Wenzetu wa nchi nyingine nao walifikia jambo hilo hilo kwa njia yao. Mwaka 1940, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa imewaka, Marekani ilianzisha mpango wa kufundisha kazi viwandani. Baadaye wanaume wengi walikwenda vitani. Viwandani wakaingia watu wapya, wakiwemo wanawake wengi ambao hawajawahi kushika mashine. Ilibidi wajifunze upesi. Mpango huo ulifungwa mwaka 1945, na baada ya vita njia yake ikapelekwa Japani na kwingineko. Njia yenyewe ina hatua nne tu. Tuliitumia pale ghalani, nanyi mnaweza kuitumia kesho.

Hatua ya 1: Mtayarishe. Muulize anajua nini tayari. Mwondolee hofu. Mwambie kazi hii ina faida gani.

Hatua ya 2: Mwonyeshe. Fanya wewe mwenyewe, polepole, hatua moja moja, huku ukieleza. Kisha rudia ukimwambia sababu ya kila hatua.

Hatua ya 3: Mwache afanye. Ashike yeye. Akikosea, msahihishe hapo hapo bila kumkemea. Afanye tena huku akikueleza kwa mdomo wake kwa nini anafanya hivyo. Asiishie mara moja. Afanye mpaka wewe uwe na hakika.

Hatua ya 4: Mfuatilie. Mwache peke yake, lakini mwambie nani wa kumwuliza akikwama. Rudi kesho. Rudi baada ya wiki moja. Rudi baada ya mwezi.

Walimu wengi hufanya hatua ya pili tu. Wanaonyesha, wanaondoka. Sisi katika semina yetu hata hiyo ya pili hatukuifikia!

Jambo jingine ni heshima. Mwanafunzi wenu ni mtu mzima. Pale ghalani, mtunza ghala alikuwa mzee wa miaka sitini na zaidi. Siku ya kwanza alikaa nyuma, hakufungua daftari. Tulipomfuata pembeni alisema, "Mwalimu, mimi namba za laki zinanipiga chenga. Nikisomeshwa mbele ya wajukuu hawa, nitaiweka wapi sura yangu?" Tukamwambia, "Shikamoo mzee, hilo ni jepesi. Tutakuja saa moja kabla ya wenzako." Tukaja siku nne, sisi na yeye tu, na kitabu cha ghala. Siku ya tano alikaa mbele. Kama tungemwita ubaoni siku ile ya kwanza, tungempoteza, na chama kingempoteza. Kuuliza si ujinga, lakini aibu humfunga mtu mdomo.

Kupima matokeo

Mtajuaje kama mafunzo yamefaa? Msihesabu waliohudhuria. Msihesabu waliofurahi. Chukueni lile lengo mliloandika mwanzoni, mkapime. Pale ghalani tuliweka magunia 10. Karani akapima na kuandika. Mara ya kwanza alikosea matatu. Akarudia siku iliyofuata, akakosea moja. Siku ya nne hakukosea. Tukabandika hatua za kazi ukutani karibu na mizani, kwa herufi kubwa, ili hata mkulima aliyeleta pamba azisome na kuuliza, "Karani, mshale umeutazama?" Hapo mwanachama naye amekuwa mkaguzi. Ndiyo faida ya kujua kusoma.

Msimu uliofuata upungufu ulikuwepo bado, lakini ulikuwa mdogo, na karani aliweza kueleza umetoka wapi. Wakulima wachache walinung'unika pamba yao iliporudishwa ikaanikwe. Baadaye walizoea, wakawa wanaileta jua likishapanda.

Na yule kijana? Wajumbe walimfuata kwao wakamwomba arudi kazini. Hakukubali. Alikuwa ameanza kazi ya bodaboda mjini. Nasi tulikwenda kwa baba yake kuomba radhi kwa sehemu yetu. Mzee alitukaribisha vizuri, akatupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mmefanya vema kuja. Lakini ninyi walimu, safari nyingine mje mapema." Jina la kijana lilisafishwa mbele ya mkutano mkuu. Ng'ombe hakurudi.

Ndugu Mwenyekiti, maneno ya mzee yule ndiyo yaliyotuleta hapa leo, kabla ya msimu wenu. Tunawaomba kitu kimoja. Mwezi huu bodi ikae na wafanyakazi wenu wote, kila mmoja aeleze kazi yake na panapomsumbua. Kisha andikeni zile karatasi mbili. Yule atakayekabidhiwa ufunguo mwaka huu asiambiwe tu, "Kazi ndiyo hiyo." Afundishwe, apimwe, afuatiliwe. Baada ya hapo mdaini hesabu bila huruma, naye atawajibu bila hofu.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja wafanyakazi wote walioajiriwa na chama au kijiji chenu. Nani alimfundisha kila mmoja kazi yake?

2. Chagueni kazi moja iliyoharibika msimu uliopita. Je, mhusika hakujua, hakuwa na kifaa, au hakutaka? Mmejuaje?

3. Andikeni lengo moja la mafunzo ambalo mtaweza kuliona kwa macho.

4. Gunia tupu lina kilo 1. Karani amepima magunia 85 bila kutoa uzito wa gunia. Bei ikiwa shilingi 1,200 kwa kilo, chama kimepoteza shilingi ngapi?

5. Ni mkongwe gani kijijini kwenu ana ujuzi ambao vijana bado hawajaupata? Mtamwombaje aufundishe?